Iko mu Damu: Baridi ya Mwezi wa Saba na Kufuli la Kifua

Leo tuongee juu ya pumzi.

Wageni wanaofika mjini kwetu Likasi mwezi wa sita hushangaa. Walisikia Kongo ni joto na misitu, wakaja na shati moja jepesi. Saa tatu ya usiku utawakuta wanaulizia blanketi sokoni. Hawakujua kwamba sisi tuko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikishakata, mbingu zinabaki tupu, na joto lote la mchana linapaa usiku bila wingu la kulizuia. Kufika alfajiri kipimajoto kiko chini ya nyuzi 10. Hewa nayo ni kavu: midomo inapasuka, vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya sahani, na upande wa mashamba watu wanachoma majani, moshi unalala chini kama umechoka.

Kwa wengi wetu hiyo ni baridi ya kuota moto na kupiga hadithi. Kwa mwenye pumu, ile ambayo wengine tunaiita asme, huo ndio msimu wa kuhesabu pumzi.

Niwapeleke kwenye nyumba moja ya Kikula, hapahapa mjini kwetu. Ni saa tisa ya usiku. Mtoto wa miaka saba amekaa kitandani, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Kila akitoa pumzi, kifua kinapiga filimbi. Umeme umekatika tangu jioni. Mama yake ameingiza ndani mbabula, jiko letu la makala (makaa), ili nyumba ipate joto, amefunga dirisha, ameziba chini ya mlango kwa kipande cha kitenge. Anampaka mtoto kifuani yale mafuta yenye mentoli. Mtoto anasema, "Mama, kunapoa." Lakini filimbi haikati. Shangazi, aliyelala chumba cha pili, anaamka, anasimama mlangoni, anatikisa kichwa: "Hii ni ya kwao. Babu yake alikuwa nayo. Iko mu damu."

Nimelichukua neno hilo la shangazi, nataka tuligeuzegeuze pamoja. Iko mu damu. Ni kweli? Na kama ni kweli, je, dawa nayo inafuata damu? Dawa iliyompa nafuu mtu wa Ulaya kwenye theluji yake, itamfaa mtoto wa Kikula kwenye baridi yake?

Tuanze kwa kumpa shangazi haki yake. Katikati ya bahari ya Atlantiki, upande wa kusini, kuna kisiwa kiitwacho Tristan da Cunha: upepo, mvua ya baridi, na meli moja moja. Wakazi wake hawafiki 300, na karibu wote ni uzao wa watu 15 tu waliohamia huko zamani. Mwaka 1961 volkano ililipuka, wakahamishiwa Uingereza kwa muda, na madaktari waliowapima wakashtuka: pumu ilikuwa kwenye kisiwa kizima, nyumba kwa nyumba. Miaka ya 1990 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, walikwenda kuchukua damu yao, wakakuta zaidi ya nusu ya watu wana dalili za ugonjwa huo. Wazee wachache wa kwanza walikuja na kifua kinachobana, wakawarithisha wajukuu kama wengine wanavyorithisha shamba. Basi ndiyo, mama shangazi, iko mu damu.

Lakini tusikimbie. Sisi Wakongo tumezoea damu inayosema wazi. Kijana na msichana wakitaka kuoana, tunawatuma kwanza wapimwe: AA, AS, SS. Herufi mbili, na hukumu imetoka. Pumu haina herufi mbili. Wataalamu wamekwisha kuhesabu sehemu zaidi ya 100 kwenye jeni za binadamu zinazogusana na ugonjwa huu, na kila moja inasukuma kidogo tu. Ni kama gari lililokwama kwenye matope: wanasukuma watu wengi, hakuna mmoja unayeweza kumwonyesha kidole na kusema huyu ndiye. Tena gari hilo linahitaji mteremko. Mteremko ni hewa tunayovuta.

Sasa baridi yenyewe inafanya nini? Pua ni jiko dogo. Hewa ikipita humo inapashwa joto na kutiwa unyevu kabla ya kushuka kifuani. Mtoto akikimbia asubuhi kwenda shule, anapumua kwa mdomo, hewa ya nyuzi 8 inashuka ilivyo, baridi na kavu. Inanyonya maji kwenye ngozi ya ndani ya njia za hewa, kama upepo unavyokausha nguo kwenye kamba. Ngozi hiyo ikikauka, chembe za ulinzi zinapiga kelele, zinamwaga kemikali zake. Misuli inayozunguka njia za hewa inajikaza, ukuta unavimba, makamasi yanajaa. Njia iliyokuwa pana inakuwa nyembamba kama mrija. Filimbi uliyoisikia kule Kikula ni hewa inayopenya kwenye mrija huo.

Na hapa damu inaingia tena. Mwilini kuna kipokezi kinachohisi baridi, kinaitwa TRPM8. Kilitambuliwa mwaka 2002, na mwaka 2021 wanasayansi wawili walioongoza kazi hiyo, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Kipokezi hicho kina tabia moja ya kuchekesha: mentoli inakidanganya. Ukipaka mafuta yale kifuani, kinadhani baridi imefika, kinatuma habari kichwani. Ndiyo maana mtoto alisema "kunapoa". Alisema kweli. Kilichopoa ni hisia. Njia ya hewa haikufunguka hata kidogo.

Jeni inayoandika kipokezi hicho si sawa kwa watu wote. Kuna aina moja yake ambayo, kati ya watu wenye asili ya Nigeria, wanaoibeba ni kama asilimia 5. Kati ya watu wenye asili ya Finland, kule theluji inakokaa miezi, ni asilimia 88. Yaelekea waliohamia kaskazini walichujwa na baridi, kizazi baada ya kizazi. Kule Blagoveshchensk, mashariki ya mbali ya Urusi, ambako majira ya baridi ni makali sana, watafiti wamechunguza jeni hiyohiyo kwa wagonjwa wa pumu, wakaona baadhi ya aina zake zinaambatana na vifua vinavyojifunga haraka vikikutana na hewa baridi. Baridi ni moja, vifua ni tofauti.

Basi tufike kwenye dawa, maana ndiko nilikokuwa nawapeleka.

Dawa mnayoijua nyote ni salbutamol, ile pampu ya bluu. Fikirieni misuli ya kifua kama mlango uliofungwa, na kwenye mlango kuna kufuli. Salbutamol ni ufunguo. Ukiingia kwenye kufuli, misuli inalegea, mlango unafunguka. Kufuli hilo linatengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo ADRB2. Wanasayansi walipolisoma, wakakuta kwenye nafasi ya 16 watu wanatofautiana: wengine wana kipande hiki, wengine kipande kile. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani: watu wenye kufuli la aina moja wakitumia salbutamol kila siku kwa ratiba, pumzi zao zilipanda, wenye aina ya pili hazikupanda, na walipoachishwa na kupewa dawa nyingine ndipo wakapata nafuu.

Mnaweza kufikiria shangwe iliyofuata. Watu walisema: sasa tutapima damu, tutajua ufunguo wa kila mtu. Mwaka 2009 jarida lilelile likachapisha utafiti mwingine. Safari hii wagonjwa walipewa ufunguo unaodumu muda mrefu, uitwao salmeterol, pamoja na dawa ya kuvuta ya steroidi, ambayo kazi yake ni kutuliza uvimbe. Na tazama: pumzi za asubuhi zilipanda kwa wenye kufuli la kwanza, zikapanda pia kwa wenye kufuli la pili. Uvimbe ulipotulizwa, ule ubishi wa kufuli ukapungua sauti.

Shikeni hilo, tutalirudia. Kwanza niwape hadithi moja inayotuhusu zaidi, sisi weusi.

Marekani walifanya jaribio kubwa la hiyo salmeterol, watu zaidi ya 26,000. Likasimamishwa kabla ya wakati. Waliokufa kwa pumu upande wa waliopewa dawa walikuwa 13, na upande wa waliopewa pampu isiyo na dawa walikuwa 3. Hofu ikawaangukia zaidi weusi. Watu wakaanza kunong'ona: dawa hii haipatani na damu ya Kiafrika. Na mnong'ono wa namna hiyo mnajua unavyosafiri, hauhitaji pasipoti. Lakini ukitazama vizuri, zaidi ya nusu ya watu wote wa jaribio lile hawakuwa wakitumia dawa ya kutuliza uvimbe, na kati ya weusi walioitumia walikuwa wachache zaidi. Walipewa ufunguo, mlango ukafunguka kwa muda, lakini moto uliokuwa unawaka nyuma ya mlango haukuzimwa na mtu.

Ikabidi waulizwe weusi wenyewe. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine likatoa majibu ya utafiti uliofanywa kwa weusi wa Marekani tu, watoto na watu wazima ambao pumu yao ilikuwa haijatulia. Swali lilikuwa hili: mgonjwa tayari anatumia steroidi ya kuvuta, bado anabanwa, tumwongezee steroidi, au tumpe na ule ufunguo wa muda mrefu juu yake? Kwa vijana na wakubwa, asilimia 49 walikwenda vizuri zaidi na ufunguo, asilimia 28 na steroidi iliyoongezwa. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 11 ikawa sare kamili: asilimia 46 huku, asilimia 46 kule. Kisha wakapima kwenye damu ya kila mtu ni kiasi gani cha asili ya Kiafrika anacho, waone kama hicho kingewaambia nani atafaidika na nini. Hakikuwaambia kitu.

Ba mama na ba baba, jibu hilo nalipenda sana. Watu wa rangi moja, watoto wa umri mmoja, karibu nusu wanataka hiki, karibu nusu wanataka kile, na rangi haiwezi kukuambia mtoto wako yuko nusu gani. Jeni zinatofautiana, ndiyo. Lakini rangi ya ngozi si karatasi ya maabara. Bara letu ndilo lenye utofauti mkubwa wa jeni kuliko bara lolote duniani. Mtu anayesema "dawa ya Waafrika" anaongea kama mtu anayesema "chakula cha Waafrika": akija Likasi tutampa bukari, akienda Dakar watampa wali na samaki, na wote wawili tutamwona hajui kitu.

Tena kuna shida nyingine. Hiyo elimu ya jeni imeandikwa kwa damu ya nani? Mwaka 2016 hesabu ilitolewa ya watu wote walioshiriki kwenye tafiti kubwa za kutafuta jeni za magonjwa. Wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 81. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 3. Na wengi wa hao wanaoitwa wenye asili ya Afrika wanaishi Marekani, si Likasi wala Kamina. Ramani imechorwa na watu wa upande wa pili wa mto, na sisi tunaulizwa kwa nini tunapotea njia.

Sasa turudi Kikula, maana tumemwacha mtoto kitandani.

Pembeni yake kuna mbabula. Makala hayatoi moshi mwingi unaoonekana, ndiyo maana tunayaamini. Lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ile ambayo kila msimu wa baridi inawalaza watu wasiamke tena. Na vumbi lake laini linaingia kifuani. Nje kuna moshi wa majani, kuna vumbi la barabara, na sisi wa mji wa shaba tunajua upepo ukigeuka upande wa viwandani unaleta harufu gani kooni. Gesi ya salfa, hata ikiwa kidogo kiasi ambacho mzima haisikii, kifua cha mwenye pumu kinaisikia. Kobalti nayo, vumbi lake limejulikana miaka mingi kuwa linaweza kumletea pumu mfanyakazi anayelivuta kila siku. Damu ya babu haikuingiza mbabula ndani. Damu ya babu haikuziba mlango kwa kitenge. Sisemi hivyo kumlaumu mama. Baridi ni baridi, na umeme haukuwako. Nasema kwa sababu damu hatuwezi kuibadilisha, lakini mbabula tunaweza kuiacha nje, tukaota hukohuko kabla ya kulala, dirisha likabaki wazi kiasi cha vidole vitatu. Mtoto anayetoka asubuhi tunaweza kumfunga kitambaa puani na mdomoni, hewa ikapata joto kabla ya kushuka. Ni kitu kidogo, lakini ndiyo kazi ileile ya pua.

Na dawa? Pale farmasi ya mtaani wengi tunanunua vidonge vya salbutamol, viwili vitatu, kwa sababu ndivyo mfuko unavyoruhusu. Kidonge kinazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Moyo unapiga ngoma, mikono inatetemeka, kifua kinangoja. Pampu inapeleka dawa mahali pake, kidogo na haraka. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema wazi: mtu mzima au kijana asitibiwe kwa salbutamol peke yake, lazima apate na steroidi ya kuvuta. Ndilo lile nililowaambia mlishike. Zima moto kwanza, halafu gombana na kufuli. Mkifika kwa munganga, msiulize tu "nipe ya kufungua". Ulizeni: "Na ya kutuliza uvimbe iko wapi?"

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu peke yake; dawa inaishia kwenye ulimi. Kuna chombo cha plastiki cha kusaidia, lakini ni ghali. Basi sikilizeni hii, imetoka Afrika ya Kusini, kwa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, waliyoichapisha mwaka 1999. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ile ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ijikaukie. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, utoboe kitako cha chupa. Ingiza pampu pale, iingie kwa nguvu, ziba pembeni kwa gundi. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, mtoto apumue polepole mara kadhaa. Tikisa tena, bonyeza tena. Waliipima chupa hiyo kwa watoto waliobanwa kweli, wakaona inafanya kazi sawasawa na chombo cha dukani. Chupa ambayo mnaitupa.

Lakini akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiwa zinazama kila akivuta hewa, midomo ikiwa ya bluu, msiitegemee chupa peke yake. Hospitali, usiku huohuo.

La mwisho. Nimewaambia wale watoto wa Marekani walikuwa karibu nusu kwa nusu, na hakuna damu wala rangi iliyoweza kuwatenganisha. Nani basi aliwatenganisha? Walitenganishwa kwa kuangaliwa. Kila mmoja alijaribishwa hiki, kisha kile, na mtu akaandika. Usiku ngapi aliamka. Pampu ilibonyezwa mara ngapi. Siku zipi alishindwa kwenda shule. Kipimo cha jeni hakipo kwenye dispensari ya mtaa, na hata kingekuwepo, leo kisingejibu swali hilo kwa mtoto wako. Daftari lipo. Daftari la shule, lile la kurasa chache, na kipande cha penseli.

Basi usiku wa leo, mama wa Kikula, mtoto akishalala, fungua ukurasa wa kwanza. Andika tarehe. Andika: saa tisa, filimbi, mbabula ndani, pampu mara ngapi. Kesho mbabula ikiwa nje, andika tena. Ukipewa dawa mpya, andika ilianza lini. Mwezi wa tisa, baridi ikishaondoka, mpelekee munganga daftari hilo. Na shangazi akisimama tena mlangoni aseme iko mu damu, mwambie ni kweli, shangazi, lakini keti hapa, unisaidie kuhesabu.